Madirisha ya Bałuty

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, mwaka ule wa tisini na tatu,
kiliniachia koti la kazi, mkasi, na masikio yanayovuma.
Bwana Bogumił akanipa katalogi.
Nikaikariri kama mtoto anavyokariri sala asiyoielewa:
vioo viwili, gesi ya argoni katikati,
fremu ya plastiki yenye vyumba vitano vya hewa,
mpira mweusi pembezoni, dhamana miaka kumi.

Łódź, mtaa wa Bałuty, mwezi wa Novemba.
Ngazi zinanuka kabichi na makaa.
Nagonga. Nasema argoni. Mlango unafungwa.
Nagonga. Nasema vyumba vitano.
"Sisi tuna viwili, na tuko sita," mwanamke akanijibu,
akafunga naye, ila huyu alicheka.

Wiki tatu sikuuza hata bawaba.

Bi Genowefa wa ghorofa ya tatu
hakuningoja nimalize.
"Nikiweka hilo lako, nitamsikia Rysiek?"
Rysiek yupi?
Akanikokota hadi dirishani. Chini, uani,
mwanamume alikaa juu ya kreti, chupa magotini,
akiuimbia ukuta habari za mke aliyehamia Ujerumani.
"Kila usiku mpaka saa nane. Mwaka wa kumi na moja huu."

Nikaifunga katalogi.
"Utamwona anafumbua mdomo," nikasema, "kama samaki."
Alitia sahihi akiwa bado amesimama.

Kila mwamba ngozi huvutia kwake.
Mimi nilikuwa naivuta ngozi ya Bogumił mlango kwa mlango
nikishangaa mbona hakuna anayenishikia upande wa pili.

Basi nikaacha kusema. Naketi,
napewa chai ya glasi, naungua vidole, nangoja.
Mzee Teofil alilalamikia baridi nusu saa nzima
huku macho yake yakivuka ua
hadi kwenye madirisha meupe ya shemeji yake.
Sikumpunguzia bei. Nilimwambia tu
kwamba yale ya shemeji ni ya mtindo wa mwaka jana.

Bi Kunegunda alitaka kizingiti kipana;
paka wake alikuwa amenenepa na anaanguka.
Na mwalimu mmoja mstaafu, vidole vimejikunja kwa yabisi,
alitaka komeo la kusukuma kwa kiwiko,
asije akamwomba mkwewe hewa.

Sijui kama huu ni ujanja au ni adabu.
Nikiwa nimechoka, naona ni ujanja.

Kisha Bi Otylia, chumba cha kulala kinachotazama barabara.
"Kimya chake ni kimya kiasi gani?"
Nikajitutumua: tramu itapita kama inapita ndotoni.
Akaizungusha glasi yake. Akaizungusha tena.
"Mwanangu hurudi na tramu ya mwisho," akasema.
"Nikiisikia inakata kona, ndipo ninapolala."

Madirisha matatu. Komisheni yake
ilikuwa kodi yangu ya Desemba, senti kwa senti.
Nikamwuzia la jikoni peke yake.
Lile la chumbani nikaziba nyufa kwa pamba,
pamba niliyoiiba kiwandani siku ya mwisho,
nikaacha upenyo mdogo upande wa kona.
Msiniite mwema: kabla ya Krismasi
alikuwa ameshaniletea majirani wanne,
nami niliwahesabu wote.

Juzi Bogumił aliitaka siri.
Ana vijana wapya sita, tai mpya sita,
anataka kuwapigia chapa karatasi moja fupi.
Nikamfungulia daftari langu.
Pembeni ya kila namba ya mlango, kabla ya vipimo,
neno moja kwa penseli:
Rysiek. Shemeji. Paka. Kiwiko. Tramu.

Akalikaribisha kwenye taa.
Akafunua ukurasa, akafunua mwingine,
akitafuta argoni.